Tuktuk ya Likoni usiku ni bei gani?

Jamani leo kazini nimebishana na kaka tunaekaa naye meza moja mpaka chai ikapoa.

Iko hivi, tunatengeneza programu ya bei za kupeleka mizigo humu Mombasa, bei inategemea mtaa, chombo (boda, tuktuk, pikapu) na saa. Ila si kila mtaa una bei yake, nyingi zinarudi kwa ile ya kawaida.

Yeye ataka dikshonari (yaani orodha ya kompyuta, waipa ufunguo yakupa jibu lake) ndani ya dikshonari ndani ya dikshonari, mtaa kwanza. Nkamwambia haya, ukitaka kusema "tuktuk usiku, mtaa wowote" utarudia kila mtaa, si balaa hiyo?

Mi nataka dikshonari moja tu, ufunguo ni vitu vitatu pamoja, Python, lugha tunayoandikia programu, yakubali, na nyota inasimama pahala pa "chochote". Unatafuta kuanzia ile kamili mpaka nyota tatu, kila kitu ni chenyewe ama nyota, kwa hivyo hatua 8 (2×2×2) zikizidi sana, kompyuta haihisi hata.

Sasa kilichotunyamazisha: kuna bei ya Likoni usiku (chombo chochote), na kuna bei ya tuktuk usiku (mtaa wowote). Tuktuk ya Likoni usiku ishike ipi?? Zote zina nyota moja!

Dikshonari haikujibu hilo wallahi. Bosi ndo akasema mtaa ushinde, foleni ya feri ya kuvuka Likoni yatugharimu. Basi mpangilio wa kutafuta tumeuandika kando, kila mtu auone.

Nyie waandishi wa programu mngefanyaje? Na vitu vya ufunguo vikifika kumi, hatua 1,024, bado nyota ama mwahamia databesi?