Dastibini za rangi tatu na pesa ya chupa

Chuo chetu kina dastibini za rangi. Ya kijani ni ya mabaki ya chakula, ya bluu ya plastiki, ya njano ya karatasi. Zimepangwa karibu na vimbweta, na siku ya uzinduzi watu walipiga picha weee. Chungulia ndani leo: zote tatu zina ganda la ndizi, chupa ya maji, boksi la chipsi, na chini kabisa mchuzi wa maharage umetuama. Jioni linakuja gari moja, zinamwagwa humo humo, safari ya dampo la Pugu Kinyamwezi. Ukiniambia wanafunzi hatuna ustaarabu nitakubali nusu tu. Nani atajisumbua kutenganisha kitu kinachokwenda kuchanganywa mbele ya macho yake?

Wanaorejeleza taka hapa chuoni ni akina mama wa usafi. Hawana bango wala fulana. Juzi nilimkuta mmoja nyuma ya bloku yetu, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, ila usinikanyagie mzigo wangu."

Mzigo ni viroba viwili. Kimoja cha chupa nyeupe, kingine cha chupa za rangi, ambazo anasema bei yake iko chini. Anafungua kizibo, anamwaga maji yaliyobaki, anailaza chupa na kuikanyaga kwa lapa mpaka ikae bapa. Kizibo kinaenda kwenye kopo la peke yake. Nikamuuliza kwa nini. "Kina mnunuzi wake hicho."

Nikarudi chumbani, nikakata kipande cha chupa na kipande cha kizibo, nikavitumbukiza kwenye beseni. Chupa ikazama, kizibo kikaelea. Ni plastiki mbili tofauti: chupa ni PET, nzito kuliko maji, kizibo kwa kawaida ni polietilini au polipropilini, nyepesi kuliko maji. Hata viwandani, chupa zikishasagwa, vipande hutenganishwa kwenye maji kwa njia hiyo hiyo. Mama wa watu hajawahi kuingia darasa la kemia letu, lakini mnunuzi wake keshamfundisha.

Sasa piga hesabu. Chupa ya maji ya nusu lita ikiwa tupu kwa kawaida haifiki gramu 20. Ili apate kilo moja anahitaji zaidi ya chupa 50, tena kavu na safi. Mtu akitia mchuzi ndani, au (kaka zangu wa ghorofa ya juu, mnajijua, mnaoona uvivu kwenda chooni usiku) kitu kingine, chupa hiyo anaiacha.

Lakini wewe umewahi kuona chupa ya soda ya kioo imetupwa pale uwanjani? Mimi sijaona. Unakunywa pale pale dukani, au unaacha pesa ya chupa na kuirudia ukirudisha tupu. Hakuna aliyetuwekea semina. Babu zetu wamebeba kreti tupu kwenda dukani miaka nenda rudi, na mtoto wa darasa la pili anajua kwamba akiivunja, ameunguza hela ya mama. Kisha soda nyingi ikahamia kwenye plastiki, huko pesa ya chupa ikafa, chupa ikawa haina mwenyewe.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa serikali ya wanafunzi ni hili: msituongezee dastibini ya rangi ya nne. Kaeni na wenye maduka na kantini za humu ndani, kila chupa ya plastiki iongezwe shilingi 50, anayeirudisha tupu anapewa yake. Asiyerudisha, basi, atakayeiokota ndiye atakayelipwa. Mtasema watu watalalamika. Watalalamika wiki moja. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tarehe 1 Juni 2019 tulilalamika pia, na kufumba na kufumbua kila mtu alikuwa na kikapu au mfuko mbadala. Kweli, vifungashio laini vya karanga vimerudi kwa mlango wa nyuma, lakini ule mfuko mweusi uliokuwa unaning'inia kwenye kila mti, uko wapi?

Karatasi wala sina wasiwasi nayo, ina njia zake. Mwezi uliopita nilinunua mihogo ya kukaanga getini, nikafungiwa kwenye jaribio la takwimu la mtu. Alama 9 kati ya 20. Ndugu, popote ulipo, pole, na pilipili ilikuwa nzuri.

Chumbani kwetu sasa tunachangia dumu la maji la lita 20 na kila mtu ana chupa yake ya kujazia. Chipsi naenda kuchukua na hotpoti. Muuzaji alinicheka mwanzoni, sasa ananiongezea kachumbari kwa sababu nimemwokolea boksi.

Kingine: mwaka wa tatu tunamaliza UE, mitihani ya mwisho, mwezi ujao, na kila mwaka wakati wa kuhama ndipo jalala linapofurika ndoo nzima nzima, pasi, neti, masufuria. Mwaka huu mimi na wenzangu tunakusanya mapema kwenye chumba cha kujisomea cha chini, tuwape wa mwaka wa kwanza wakija. Leta kilicho kizima na kisafi. Magodoro hatupokei, tunajua yamepitia nini.