Seva Iliyopokea Maombi Bila Kujibu

Seva ikizimika kabisa, msawazisha mzigo, yaani programu inayogawa maombi ya watumiaji kwa seva kadhaa, hana kazi kubwa: muunganisho unakataliwa papo hapo, na ombi linapelekwa kwa seva nyingine kabla mtumiaji hajahisi lolote. Usiku ninaoukumbuka haukuwa wa namna hiyo. Nilikuwa zamu katika kampuni iliyouza bidhaa mtandaoni, tukiwa na seva tatu za programu nyuma ya Nginx, msawazisha mzigo wetu, na malalamiko yalipoanza kuingia, zote tatu zilionekana nzima.

Jibu lilikuwa kwenye logi, yaani rekodi ya matukio ya programu. Tulikuwa tumeielekeza Nginx iandike, kwa kila ombi, anwani ya seva iliyolihudumia na muda uliotumika. Mistari mingi ilikuwa na anwani moja, lakini mingine ilikuwa na anwani mbili zilizotenganishwa kwa mkato, na muda wake ukasomeka 60.001, 0.084. Yaani ombi lilikaa dakika nzima kwenye seva ya pili bila kujibiwa, likahamishwa, na seva ya tatu ikalimaliza kufumba na kufumbua. Sekunde 60 ndizo Nginx husubiri jibu la seva ya nyuma usipoipangia vingine.

Niliingia kwenye seva ya pili. Diski yake ilikuwa inakufa taratibu, na programu yetu, ambayo kabla ya kujibu kila ombi iliandika mstari wa logi kwenye diski hiyo, ilikuwa imekwama hapo. Poti, yaani mlango wa mtandao wa programu, ilibaki wazi, kwa sababu kiini cha mfumo endeshi hukamilisha muunganisho hata programu ikiwa imeganda. Nginx nayo ilifuata utaratibu wake: baada ya kosa moja iliiweka seva kando kwa sekunde 10, kisha ikaijaribu tena kwa ombi la mteja halisi. Na kwa kuwa usanidi haukuwa na kumbukumbu ya pamoja, kila mchakato wa Nginx ulihesabu makosa kivyake, na kila mmoja ulimsubirisha mteja wake.

Niliitoa seva ile kwenye orodha, nikaiamuru Nginx isome usanidi upya, na kurasa zikarudi kufunguka vizuri. Kijana tuliyekuwa naye zamu hakuridhika.

“Kaka, mbona maombi ya GET yamehamishwa, ya POST yameishia na kosa la 504? Si turuhusu na hayo yahamishwe?”

Lilikuwa swali la haki. GET ni ombi la kusoma ukurasa, POST ni la kutuma taarifa kama oda, na 504 ni kosa la kusubiri jibu la seva ya nyuma mpaka muda ukaisha. Tangu toleo la 1.9.13 la mwaka 2016, Nginx hairudii ombi la POST ambalo limeshatumwa kwa seva ya nyuma, mpaka uiruhusu waziwazi. Nilimwomba afungue hifadhidata kwanza. Oda zilikuwamo. Programu ilikuwa imeziandika kwenye hifadhidata ya pamoja, ambayo haikuwa na tatizo lolote, ndipo ikakwama kwenye logi. Mteja aliambiwa imeshindikana ilhali oda yake imeshapokelewa. Waliobonyeza tena walikuwamo mara mbili. Hilo liliniuma kuliko ule ucheleweshaji, kwa maana tungeruhusu uhamishaji, kila oda iliyokwama ingejirudia bila mwenyewe kugusa kitu.

Tulikesha tukilinganisha oda pacha, moja baada ya nyingine, na kusimamisha zile za ziada. Baadaye tulipunguza subira ya kurasa za kusoma hadi sekunde 5, tukaongeza kumbukumbu ya pamoja, na kila oda ikapewa ufunguo wa pekee uliotengenezwa kwenye kifaa cha mteja, ili hifadhidata ikatae kuuandika mara ya pili. Wakati wa majaribio tuliifanya programu isubiri kidogo kwa makusudi kati ya kuandika oda na kutoa jibu. Yule kijana akatuma oda, nami nikaigandisha programu ikiwa hapo, kwa ishara ya STOP inayoisimamisha bila kuizima. Akapata 504, akabonyeza tena, na seva nyingine ikamrudishia namba ya oda ile ile ya kwanza.