Kiuno chalia, mkosa ni nyonga

Ukipita jioni kwenye ua tunaonyanyulia vyuma hapa Majengo, Mombasa, hukosi kumkuta mtu amelala kifudifudi kwenye benchi, mwenziwe anamchua kiuno kwa mafuta yale yanayowasha. Anainuka, anajinyoosha, anasema "afadhali." Kesho yake yuko palepale kwenye benchi.

Mafuta siyapingi. Yanatia joto na mtu anapata usingizi. Lakini vijana wengi wanaolalamika pale uani wanapakwa nyuma, na kinachowavuta kiko mbele.

Kuna msuli unaitwa soasi. Umeshikilia pingili za uti wa mgongo, kuanzia ile ya mwisho ya kifuani hadi zile tano za kiunoni, unapita ndani kabisa nyuma ya matumbo, unateremka mbele ya nyonga na kushika mfupa wa paja upande wa ndani. Njiani unaungana na mwenzake, iliakasi, anayetoka ndani ya mfupa wa nyonga. Kazi yao ni kuinua paja. Sasa mimi ni dereva wa tuktuk: natoka asubuhi, magoti yamekunjwa, nakwama foleni ya daraja la Nyali, magoti bado yamekunjwa. Wenzangu uani ni makarani wa Kilindini na madereva wa malori ya kontena, maisha yetu ni kiti kwa kiti. Misuli ile inazoea kukaa mifupi, kama ngalawa iliyofungwa kamba fupi maji yakiwa yamekupwa. Ukisimama, maji yamejaa: kamba inavuta, kiuno kinabinukia mbele, matako yanatokeza nyuma.

Halafu mtu huyohuyo anaenda kusukuma chuma juu ya kichwa. Mtazame kwa ubavuni. Chuma kikipita paji la uso mbavu zinafunguka, tumbo linatangulia, na mgongo unapinda palepale juu ya mkanda. Mzigo wote umekalia pingili za chini. Kwenye kunyanyua chuma kutoka chini, kosa huja mwishoni: ameshasimama wima, kazi imekwisha, lakini anajirudisha nyuma kama anayepigwa picha. Yakhe, simama tu.

Kabla ya kunyoosha chochote, jipime. Kipimo chenyewe ni cha zamani, cha Hugh Owen Thomas, daktari wa mifupa aliyefanya kazi Liverpool karne ya 19. Kaa ukingoni mwa benchi, lala chali huku umekumbatia magoti yote mawili, kisha achia mguu mmoja uning'inie. Kiuno kisibanduke kwenye benchi, la sivyo unajidanganya. Paja likibaki juu bila kufika usawa wa benchi, nyonga imekaza. Paja likishuka lakini goti likakataa kukunjika, mguu ukanyooka mbele, basi uliokaza ni msuli mrefu wa mbele ya paja.

Kunyoosha kwenyewe wengi wanakufanya kinyume. Wanapiga goti moja, wanasukuma nyonga mbele kwa nguvu zote, mgongo unapinda, halafu wanashangaa kiuno kinauma zaidi. Fanya hivi: goti moja chini juu ya leso iliyokunjwa, mguu mwingine mbele. Kaza tako la upande wa goti lililo chini. Vuta mfupa wa kinena juu, kama unataka ufike kitovuni. Hapo, hata kabla hujasogea, utasikia mvuto mbele ya nyonga. Ndipo usogee mbele kidogo sana, uinue mkono wa upande huohuo, upumue taratibu sekunde 30. Rudia mara mbili kila upande. Ukisikia kiunoni badala ya mbele, umeachia tako.

Hili lifanye baada ya vyuma, au usiku. Kabla ya kunyanyua, kushikilia mnyoosho zaidi ya dakika moja kunaweza kupunguza nguvu kidogo, kwa hiyo pasha mwili moto kwa mwendo: skwati bila uzito, hatua ndefu, kuzungusha nyonga.

Na kunyoosha pekee hakutoshi. Wakati mwingine msuli unakaza kwa sababu ni dhaifu, au kwa sababu matako na tumbo vimelala, naye anabeba zamu ya wote. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga kwa kukaza matako. Kisha baki chali, mikono na magoti juu, shusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto polepole, kiuno kikiwa kimegandamiza mkeka, halafu badilisha. Vijana hulidharau zoezi hili kwa sababu halina pleti. Mwambie mmoja afanye kumi bila kiuno kubanduka, umwone anavyotetemeka.

Si kila kiuno kinachouma ni nyonga, lakini. Maumivu yakiteremka mguuni hadi chini ya goti, au mguu ukafa ganzi, acha vyuma ukaonwe na daktari. Unyayo ukilegea, au ukipata ganzi sehemu za siri, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ni hospitali siku hiyohiyo, si mafuta.

Mimi nanyoosha stejini nikisubiri abiria. Majuzi mama mmoja alinikuta Kongowea nimepiga goti kando ya tuktuk, mkono juu, akaniuliza, "Mwanangu, kwani wewe waswali upande gani?" Nikamweleza. Akasema kiuno chamuua tangu Ramadhani, nimwonyeshe. Goti chini hakuweza, basi nikamwambia ashike ubavu wa tuktuk, apeleke mguu mmoja nyuma, ajikaze huku nyuma, asipinde mgongo. Akajikaza, buibui na vikapu vyake vya sokoni, kisha akageuka: "Ah! Kumbe ni huku mbele?" Nauli alilipa nusu, akisema nyingine ni ya ushauri aliokubali kuusikiliza.