Mama, mkwe wake na nyumba ya matairi

Septemba 2018 shemeji yangu alikodi RV, yani lile gari kubwa lenye nyumba ndani, vitanda, jiko, friji, mpaka choo, akasema mama kaja Marekani haiwezekani aondoke kaona sebule ya dada na maduka tu. Mi nikaruka kutoka Texas nikawakuta Portland, tukateremka wote mpaka Newport, mji wa wavuvi pale pwani ya Oregon. Wazo zuri sana, ila fikiria mama mkwe na mkwe wake ndani ya chumba ambacho ukipiga hatua nane umemaliza, pazia ndo mlango, na choo kimoja kiko ubavuni mwa jiko. Mama alivyokionyeshwa hicho choo alikaa kimya kidogo, halafu akamuuliza dada, sa mwenzio akiwa humo mi nakoroga uji hapa?

Shemeji hakusubiri kikao. Tulipofika kambini South Beach akatoa hema akasema yeye anapenda hewa ya nje, na mi ndo mwanaume mwingine nikajikuta na mi napenda hewa ya nje. Hewa yenyewe ya Pasifiki ile, asubuhi ukungu umeshuka mpaka chini, hema linadondosha maji kwa ndani utadhani lilinyeshewa.

Kitu ambacho hawakwambii kuhusu hizo gari ni kwamba ukitaka kwenda kuzunguka unaondoka na nyumba nzima. Chomoa waya wa umeme, chomoa mpira wa maji, vibao vya kusawazishia matairi vitoe, vikombe kabatini, kabati zifungwe. Moja haikufungwa vizuri, kona ya kwanza tu sahani za plastiki zote chini na mama kakumbatia chupa ya chai kama mtoto. Tukavuka daraja la Yaquina Bay, lile la matao la mwaka 1936 alilolichora Conde McCullough, enzi ambazo Oregon iliamua kuachana na pantoni ikajenga madaraja makubwa matano kwenye hiyo barabara ya pwani. Ng'ambo tukasimama kuweka mafuta, mi nikashuka mbio nishike pampu, mhudumu akanirudisha kwenye gari. Kumbe kule sheria tangu 1951 ilikuwa inakataza mtu kujijazia mafuta mwenyewe. Mama akasema ndo ustaarabu huo.

Mnara wa taa wa Yaquina Head nitaupitia haraka maana mama hakupanda, alivyosikia ngazi 114 akasema atatutazama akiwa chini. Una urefu wa mita 28 hivi, umeanza kuwaka 1873, mrefu kuliko minara yote ya Oregon, mi nilipanda nikaona bahari na ukungu basi. Utamu ulikuwa chini yake, kwenye ufuko usio na mchanga kabisa, ni mawe meusi ya mviringo, mabaki ya volkano ya miaka milioni 14 iliyopita yaliyosagwa na maji, wimbi likirudi yanagongana yote kwa pamoja mpaka mnashindwa kusikilizana. Maji yalikuwa yamekupwa kwahiyo vidimbwi kwenye miamba viko wazi, na humo ndo mama akaamka. Viti vya pweza vya rangi ya zambarau na vya chungwa, vikubwa kuliko vya kwetu, na wale wenye miiba wamejipanga kila mmoja na kishimo chake. Mama kakunja kanga anaruka mwamba kwa mwamba, baba yake alikuwa mvuvi kwahiyo miguu inakumbuka. Akauliza hivi haviliwi? Nikamwambia hapa hairuhusiwi kuokota kitu. Na ufuko wa nani? Nikamwambia wa watu wote, mwaka 1967 gavana Tom McCall alisaini sheria kwamba fukwe za Oregon ni za umma, hakuna hoteli ya kukuwekea ukuta. Hiyo akaipenda kuliko mnara.

Tulisimama pia kwenye ukumbusho wa wavuvi waliopotelea baharini, uko karibu na daraja, majina yameandikwa. Mama aliyapitia yale majina kwa kidole, moja moja, herufi za watu asiowajua. Ana kaka yake alitoka na ngalawa hakurudi. Hatukuongea sana hapo.

Ila mji wenyewe sasa! Barabara ya Bayfront upande mmoja maduka ya fulana na peremende za watalii, upande wa pili viwanda vya samaki vinafanya kazi kweli, folklifti inakatiza na mapipa ya barafu na wewe mtalii ndo unapisha. Mi naona hivyo ndivyo inavyotakiwa, mji wa wavuvi ukishaanza kumpisha mtalii umeshakwisha. Chini ya gati simba wa baharini wamelala juu ya majukwaa wanabweka mchana kutwa, wanasukumana, na harufu yao usiombe upepo ugeuke. Shemeji akawapiga picha kibao, mama akauliza mara moja tu, hawa wanakula samaki kiasi gani kwa siku, basi akawachukia.

Halafu akaona boti inauza jodari. Ilikuwa msimu wa wale wanaoitwa albacore, wavuvi wanafunga boti gatini wanakuuzia wenyewe juu kwa juu. Mama akashuka, akamwinua samaki mashavu akatazama wekundu, akabonyeza mgongo, akamwacha, akaenda kwa wa pili, wa tatu, yule kijana wa boti kasimama na kisu anamwangalia tu. Akaniambia mwambie huyu ndo mwenyewe, apunguze. Nikasema mama hapa hawapunguzi. Akasema we mwambie. Nikamwambia, kijana akacheka akakataa, mama na yeye akacheka, akaonyesha kwa mkono pipa la vichwa vinavyotupwa. Hivyo vichwa je? Bure! Aliondoka navyo vinne na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Kimoja alikitoa kwa shingo upande kiwe chambo, maana shemeji alishakata leseni na kukodi dema la kaa, tukaenda kwenye gati la umma tukalitupa. Sasa uelewe, mpaka hapo mama alikuwa haongei na shemeji moja kwa moja. Heshima ya ukwe, shikamoo asubuhi halafu kila kitu ni mwambie mwenzio hivi, muulize mwenzio vile, na mwenzio yuko hapohapo. Dema la kwanza likapanda na kaa wanne, shemeji akatoa kipimo, jike linarudi, dume chini ya inchi 5 na robo tatu linarudi, mwisho madume 12 kwa mtu kwa siku. Akamtupa jike la kwanza, mama akaruka, weee baba, jike ndo lenye mayai! Shemeji akamjibu, mama hilo ndo la kesho, likiliwa leo mwakani hakuna. Wakaanza kubishana hapo, mama anasema enzi za baba yake, shemeji anasema sheria, kila dema likipanda mama ndo anakuwa wa kwanza kugeuza kaa tumboni kutazama, vuta baba, vuta, anatoka huyo! Mi na dada tumekaa pembeni hakuna anayetuuliza kitu. Mpaka jioni alikuwa anarudisha majike mwenyewe, ila kwa kulalamika.

Usiku tuliwachemsha nje kwenye jiko la gesi, na vichwa vya jodari kwenye sufuria ya pili na pilipili, maana dada alikataa ile harufu iingie ndani, dhamana ya gari ilikuwa kubwa. Wazee wawili wa Kizungu wa gari la jirani wakaja kusalimia, tukawapa kaa, wakarudi kwao wakaleta kibakuli cha siagi imeyeyushwa, wakamwonyesha mama namna ya kuchovya. Akachovya. Akatafuna taratibu, akatabasamu kwa adabu zote, akaniambia bila kugeuza kichwa, waambie asanteni sana, ila kaa wa watu mmemharibu.

Nikawaambia anasema asanteni sana.