Siku moja maishani mwangu: bibi shamba, bungua na nyigu wasiong'ata mtu

Saa 12 na nusu asubuhi. Chai na kiporo, kisha pikipiki. Mimi ni afisa ugani Bonde la Kilombero, na mwezi Machi njia za huku ni tope tupu, kwa hiyo buti navaa tangu nyumbani.

Saa 2. Mzee aliyenipigia simu jana ananisubiri kwenye tuta la jaruba lake, bomba la dawa liko mgongoni tayari. Shikamoo, marahaba, halafu moja kwa moja: "Mwanangu, bungua wananimaliza." Kweli wapo, hawa funza wa nondo wanaotoboa mashina ya mpunga. Jani la katikati limekauka, mengine bado kijani. Ukilivuta linachomoka bila ubishi. Bungua akiingia mpunga ukishabeba, anakuachia suke jeupe lililosimama wima, mapepe matupu.

Naazima kisu. Tunapasua mashina palepale majini. Baadhi yana funza hai na kinyesi chake kama unga. Kisha tunalipata nililokuwa nalitafuta: funza amesinyaa, pembeni yake kuna fungu la vifuko vyeupe, vidogo kuliko chenga za mchele.

"Si unaona, ameshataga!" anasema mzee.

Mzee wangu, funza hatagi, anayetaga ni nondo. Hivyo ni vifuko vya nyigu wa jamii ya Cotesia, mweusi, milimita tatu hivi. Anafuata harufu ya mmea ulioliwa, anajipenyeza kwenye tundu la bungua na kumdunga mayai kwa mkupuo. Watoto wanamla kwa ndani angali hai, na baada ya wiki mbili hivi wanatoboa ngozi na kusuka vifuko. Afrika tunaye wa asili, Cotesia sesamiae. Nduguye, Cotesia flavipes, aliletwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kutoka Pakistani na kuachiwa pwani ya Kenya mwaka 1993, kwa ajili ya bungua wa mahindi na mtama.

"Sasa nikipulizia?" Bungua amejificha ndani ya shina, dawa nyingi za kupulizia hazimfikii. Anayekufa ni nyigu aliye nje. Mzee analitua bomba, ila halirudishi nyumbani. Simlaumu, ada za watoto hazisubiri nyigu.

Saa 5. Natafuta mayai ya nondo kwenye majani. Ya Chilo, mmoja wa nondo wanaotuzalia bungua, yakiwa meupe-manjano, watatoka funza. Yakigeuka meusi tii, mara nyingi ndani mna Trichogramma, nyigu mdogo hata nusu milimita hafiki. Vipande vya majani naviweka kwenye chupa, mdomo nafunga kitambaa chepesi, namwachia mzee. Ajionee mwenyewe kitakachotoka.

Saa 8. Ripoti. Fomu ina nafasi ya lita za viuatilifu. Ya nyigu haina. Naandika pembezoni.

Saa 10 jioni. Shamba la mama mmoja ambaye hufukia mabua mara tu akishavuna, bungua wasijihifadhi kwenye visiki, na urea anaweka kwa kipimo, maana mpunga uliozidishiwa mbolea hiyo huvutia bungua. Kwake bungua ni wachache. Nyigu peke yao wasingefika hapo, na huwa namkatalia yeyote anayewauza kama muujiza.

Saa 2 usiku. Kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, kijana ametuma picha ya bua lililopasuliwa, limejaa vifuko vyeupe: "Bibi shamba, mayai haya yanauliwa na dawa gani?"

Naacha ugali, najibu haraka: usiguse!