Sufu ya Kinangop

Mimi mtu wa Mombasa, na kabla sijaolewa Kinangop, nyanda za juu za Kenya, sweta nililijua kama nguo ya watoto wa shule za bara. Kazi ya uzi sikuwa mgeni nayo. Bibi yangu alinifundisha kroshia nikiwa mdogo, vitambaa vya makochi kwa uzi wa pamba mweupe uliolingana tangu ncha hii hadi ile. Basi Julai ya kwanza ikanikuta kule juu, mita 2,500 hivi kutoka usawa wa bahari, asubuhi nyasi zimeganda, nami nimevaa masweta mawili ya sokoni, moja juu ya jingine, na bado natetemeka.

Jioni moja jikoni mama mkwe alivuta uzi uliokuwa ukining'inia kwenye ukosi wangu, akaukata, akausogeza motoni. Uliyeyuka pale pale, ukajikunja, ukabaki kitone kigumu cheusi kama punje ya pilipili manga. Kisha akachomoa uzi mwingine kikapuni mwake, akauchoma. Huo ulisinyaa, ukazima wenyewe, jikoni kukanuka nywele zilizoungua. Alipousugua vidoleni ukawa jivu.

"Hiyo yako ni plastiki, mwanangu."

"Mama, mimi nimeuziwa kwa bei ya sufu."

Alicheka hadi akajifuta machozi. Kesho yake akanipa mashada ya uzi aliosokota mwenyewe, sufu ya kondoo wake wa aina ya Corriedale, wachache weupe na mmoja wa kahawia. Alikuwa ameichambua, akaiosha kwa maji ya vuguvugu (yakichemka sufu hugandana), akaichana kwa brashi mbili zenye meno ya waya, akaisokota kwa gurudumu la kukanyaga kwa mguu. Halafu alichukua nyuzi mbili akazipota pamoja kwa kuzizungusha kinyume cha mwanzo, ili zishikane na uzi usijinyonge.

Nilianza kwa makeke. Nikataka mapambo ya misokoto kifuani, kama niliyoyaona kwenye sweta la jirani. Hayakuonekana kabisa. Uzi ulikuwa mnene hapa, mwembamba pale, na mapambo yakapotelea humo.

"Uzi huu una nakshi yake," mama mkwe akasema. "Wewe fuma kawaida."

Nikafumua, nikafuma kawaida, na hapo ndipo uliponinasa. Ule uzi wa pamba wa bibi ningeweza kuufuma huku nimelala. Huu ulinitaka niwepo: vidole vilihisi unene ukija kabla haujafika sindanoni, mara kijiti cha nyasi kimejificha ndani, mara kahawia inaingia taratibu kwenye nyeupe. Mikono yangu iliyokuwa imepasuka kwa baridi ikalainika kwa mafuta ya kondoo yaliyobaki kwenye sufu. Mahali fulani uzi ukawa mwembamba ghafla, umekazwa mno. Nikamwonyesha.

"Ah, hapo ng'ombe alikuwa anazaa. Nasokota, sikio liko zizini."

Wapo wanaosokota kwa mkono uzi ukatoka sawasawa kama wa kiwandani, na ustadi wao nauheshimu. Ila mimi ule wa kiwandani nitaununua dukani.

Sweta lilipokamilika lilikuwa zito, na shingoni linawasha, hilo nisifiche. Lakini nililivaa kwenye manyunyu ya alfajiri wakati wa kukamua, matone yamekaa juu ya sufu, ndani mimi mkavu. Sufu hunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mtu hajahisi ameloa. Masweta ya sokoni nikayatandikia paka.

Mume wangu alipoliona akataka lake. Mama yake hakumjibu. Alimsogezea zile brashi mbili na gunia la sufu isiyochanwa. Alichana hadi saa nne usiku, akilalamikia viganja, na akapata ya kutosha mkono mmoja.