Siku nne bila sudo, kisa herufi moja

Imekubali! Jumamosi saa sita na nusu usiku niliandika `sudo apt update` (sudo ndiyo amri inayomkopesha mtumiaji wa kawaida mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa Linux), mashine ikaniuliza nenosiri, nikaliweka, na mistari ikaanza kushuka kama kawaida. Nilipiga makofi peke yangu gizani mpaka mdogo wangu akagonga ukuta.

Mnaofuata kumbukumbu hii mnajua mradi wenyewe: kipimo cha maji kwa ajili ya tangi lililo juu ya paa. Bodi ya ESP8266, kihisi cha JSN-SR04T kile kisichoogopa unyevu, na mdogo wangu aache kupanda ngazi kila asubuhi kugongagonga tangi ili asikie maji yameishia wapi. Awamu hii ilikuwa ya kupakia programu kwenye bodi na kupima umbali ndani ya ndoo. Ndoo sijaigusa. Jumanne hadi Jumamosi yote imeliwa na akaunti yangu mwenyewe, kwenye kompyuta yangu mwenyewe.

Nilichomeka bodi, Arduino IDE, programu ya kuandikia na kupakia kodi kwenye bodi, ikaiona, nikabonyeza kupakia, ikagoma: huna ruhusa ya kufungua `/dev/ttyUSB0`. Hilo si geni. Kwenye Debian, Linux ninayotumia, mlango huo ni mali ya kundi la dialout, jina lililobaki tangu enzi za modemu za kupiga simu, na mtumiaji wa kawaida hayumo. Anaingizwa, anatoka, anaingia tena, basi. Nikaandika kwa haraka ya mtu anayetaka kuona namba za kihisi kabla ya kulala (usermod hubadilisha akaunti, na fundi ni jina la akaunti yangu):

`sudo usermod -G dialout fundi`

Yaliyowahi kumkuta ameshashika kichwa. `-G` peke yake haiongezi kundi. Inaandika orodha upya. Kinachoongeza ni `-aG`, na ile `a` sikuiweka. Ni kama kwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi kuandikisha mgeni mmoja, kumbe daftari limefutwa kaya nzima na kubakizwa mgeni. Mimi, mwenye mashine, nikatolewa kwenye kundi la sudo na mengine yote. Nimebaki na dialout. Na usermod haikusema neno. Hakuna onyo wala swali la “una uhakika?”. Kimya, kama mtu aliyekubaliana na wewe.

Kinachoniuma zaidi nimekijua baadaye, nilipolirudia kosa makusudi ndani ya VirtualBox, kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta. Baada ya amri ile, sudo ilikuwa bado inafanya kazi kwenye dirisha lilelile la terminali! Orodha ya makundi hupewa kikao wakati wa kuingia, na sudo kwa kawaida huangalia orodha ya kikao. Kwa hiyo ukiandika `groups` unaona makundi yako yote ya zamani, ukiandika `groups fundi` unaona dialout tu, kwa sababu amri ya pili inasoma faili la `/etc/group`. Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kurekebisha kwa sekunde kumi. Lakini kila mwongozo wa dialout unamalizia kwa kusema toka, kisha ingia tena. Nami ni mtiifu. Nikatoka.

Niliporudi, sudo ikanijibu kwamba fundi hayumo kwenye faili la sudoers, yaani la wanaoruhusiwa sudo. Matoleo ya zamani yalikuwa yakiongeza kwamba tukio hili litaripotiwa. Kwa nani sasa, wakati msimamizi ni mimi?

Nikajaribu kupitia mipangilio ya kubofya kwa kipanya. Dirisha dogo likafunguka likiomba nenosiri la root, kwa sababu polkit, mgawa ruhusa wa programu za madirisha, ikikuta kundi la sudo halina mtu humrudia root. Na root wangu hana nenosiri. Wakati wa kusakinisha Debian 12 niliacha nafasi yake wazi, na kisakinishi kikifanyiwa hivyo humfungia root moja kwa moja na kumpa sudo mtumiaji wa kwanza. Nilijisifu sana siku ile kuwa nimefanya kwa usalama. `su -`, amri ya kugeuka root, nayo ikakataa, bila shaka. Nyumba ina mlango mmoja, na ufunguo nimeutupa kisimani kwa mkono wangu.

Jumatano nikaingia nikijiamini. Kwenye menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, kuna chaguo la kuwashia katika hali ya uokoaji. Nikalichagua, mistari ikapita, kisha ikasimama kwenye ujumbe kwamba haiwezi kufungua konsoli kwa sababu akaunti ya root imefungwa, bonyeza Enter uendelee. Nikabonyeza. Ujumbe uleule. Nikabonyeza tena. Uleule. Hali ya uokoaji inataka nenosiri la mtu yuleyule ambaye kukosekana kwake ndiko kulikokuleta kwenye uokoaji. Sijui kama kuna aliyecheka alipoipanga hivi. Ubuntu, Linux nyingine, wanakupa ganda la root, yaani sehemu ya kuandikia amri, bila maneno mengi, na kwa hili nawasifu, ingawa kwa mengine tunagombana.

Dawa inayojulikana ni kuipita kabisa systemd, programu ya kwanza inayoamsha nyingine zote, na kuanza na ganda la bash badala yake. Kwenye menyu ya GRUB unabonyeza `e`, unatafuta mstari unaoanza na `linux`, unaongeza `init=/bin/bash` mwishoni, kisha Ctrl+X. Nikafanya hivyo Alhamisi, nikapokewa na `root@(none):/#`. Hiyo `(none)` ni kwa kuwa mashine haijapewa hata jina lake bado. Lakini root ni root. Nikaandika, safari hii herufi kwa herufi:

`usermod -aG sudo fundi`

“cannot lock /etc/passwd; try again later.”

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili, na nitapasimulia kwa kirefu maana panastahili kulaaniwa. Ujumbe unasema haiwezi kulifunga faili, ujaribu baadaye. Mtu mwenye akili timamu anaelewa nini? Kwamba kuna programu nyingine imelishikilia. Nami nikaelewa hivyo. Nikajaribu baadaye, kama nilivyoambiwa. Nikazima, nikawasha, nikajaribu tena. Nikasoma kwenye simu kwamba usermod hutengeneza faili la `/etc/passwd.lock`, na likibaki baada ya ajali huzuia kila kitu. Nikalitafuta. Halipo. Nikatafuta `/etc/group.lock`, `/etc/shadow.lock`, `/etc/.pwd.lock`. Hilo la mwisho lipo! Nikashangilia. Nikasoma zaidi, kumbe hilo hukaa hapo siku zote na halina kosa. Bando likaisha katikati ya maelezo. Nikaorodhesha michakato yote nimtafute mshikaji, na mshikaji hayupo, kwani kwenye hali ile yupo bash na nyuzi za keneli (kiini cha Linux) tu. Ijumaa umeme ulikatika mapema, nikalala nikiota makufuli.

Jumamosi, katika hasira tu, nikaamua kuona kama naweza kuandika chochote kile kwenye diski. `touch /etc/jaribu`. Jibu: “Read-only file system”.

Basi. Maneno matatu. Hakukuwa na mshikaji wala kufuli lililosahaulika. Mstari ule wa GRUB una `ro`, yaani diski inapandishwa kwa kusomwa tu, na kwa kawaida ni systemd inayokuja baadaye kuifungulia kuandikwa. Mimi systemd nimeiruka, kwa hiyo hakuna wa kufungua. usermod ilishindwa kutengeneza faili lake la kufuli kwa sababu diski haiandikiki, na badala ya kusema hivyo ikaniambia nijaribu baadaye. Baadaye lini? Hata ningekaa mwaka! `passwd` nayo katika hali hiyohiyo inalalamikia tokeni za uthibitisho, ujumbe mwingine wa kumpoteza msafiri. Sina ugomvi na programu kushindwa, nina ugomvi na programu kushindwa kisha kusingizia kitu kingine.

Tiba ni amri moja: `mount -o remount,rw /`. Au tangu mwanzo, ukiwa bado kwenye GRUB, badilisha `ro` iwe `rw`. usermod ikapita kimya. Safari hii kimya chake nilikipenda.

Kwa furaha nikaandika `exit`. Msifanye hivyo. Bash ndiyo iliyokuwa mchakato namba moja, na mchakato namba moja ukifa keneli hupata hofu na kusimama papo hapo, imejaza kioo tarakimu. Nilitokwa na jasho, nikidhani kazi yote imepotea. Haikupotea. usermod huhakikisha imeshaandika kwenye diski kabla ya kuondoka, na ext4, mfumo wa mafaili wa diski yangu, nayo huandika kumbukumbu zake kila baada ya sekunde 5. Njia ya heshima ni `sync` kisha `reboot -f`. `reboot` tupu haifanyi kitu, inalalamika tu kwamba systemd haipo.

Kurudi kwenye sudo haikuwa mwisho, maana makundi mengine yalikuwa bado yamepotea na sikuyakumbuka yote. Sauti ilikuwa inatoka bila kundi la audio, kwa sababu logind, msimamizi wa vikao, humpa ruhusa za sauti aliyekaa mbele ya mashine, lakini printa ilikuwa imeninunia. Kuna nakala ya akiba, `/etc/group-`, yenye kistari mwishoni, inayoshika hali ya faili kabla ya badiliko la mwisho. La mwisho tu. Nilipoitazama nilikuwa nimeshafanya badiliko la pili, kwa hiyo ilikuwa inanionyesha uharibifu wangu wa Jumanne. Ningeichungulia nikiwa ndani ya `(none)` ningekuta orodha nzima.

Kilichoniokoa ni hiki: `sudo journalctl -t usermod`. Yule kimya kumbe alikuwa anaandika! Kila kundi alilonitoa ameliweka kwenye kumbukumbu ya mfumo pamoja na saa, tena mara mbili, moja kwa ajili ya `/etc/group` na nyingine kwa ajili ya `/etc/gshadow`. cdrom, floppy, audio, dip, video, plugdev, netdev, lpadmin, scanner. Floppy, kwenye mashine isiyowahi kuonana na floppy. Nimeyarudisha yote, hata hilo, kwa kisirani.

Tangu sasa usermod kwangu ni ya kubadilisha ganda na jina la folda ya nyumbani. Kwa makundi natumia `adduser fundi dialout`, ambayo kwenye Debian inajua kuongeza tu, au `gpasswd -a`. Hazina njia ya kukufuta kwa bahati mbaya. Na wanaoshauri `chmod 666 /dev/ttyUSB0`, yaani kumfungulia mlango kila mtu, wanajisumbua. Ukichomoa bodi na kuchomeka tena, udev, inayosimamia vifaa, inatengeneza mlango upya na ruhusa zake za zamani. Wanaofungua IDE nzima kwa sudo sina la kuwaambia, watakutana na mafaili ya root ndani ya folda zao wenyewe.

Jumapili ilikuwa ya ndoo. Lakini nilipokuwa nakunywa chai wazo likaniingia: kama mimi nimekuwa root kwa kubonyeza `e` bila kuulizwa hata jina, basi yeyote atakayekaa mbele ya mashine hii dakika mbili anaweza. Nikaiacha ndoo. Nikatengeneza nenosiri kwa `grub-mkpasswd-pbkdf2`, nikaliweka kwenye `/etc/grub.d/40_custom` pamoja na mstari wa superusers, yaani wanaoruhusiwa kuibadilisha menyu, nikapiga `update-grub`, nikaenda dukani.

Niliporudi mdogo wangu alikuwa mlangoni. “Kaka, kompyuta inaniuliza jina lako kabla hata haijawaka. Nimeweka la kwangu imekataa.” Kumbe ukishaweka superusers, kila chaguo la menyu linafungwa, hata lile la kuwasha kawaida, mpaka uongeze `--unrestricted` kwenye mstari wa CLASS ndani ya `10_linux`. Nimeongeza. Sasa inawaka bila kuuliza, na ukibonyeza `e` inadai nenosiri. Root naye nimempa nenosiri, limeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya daftari la risiti za maji.

Ila flashi yenye Debian hai, inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, inaipita GRUB yote hiyo bila salamu, na aliyeshika bisibisi anaichomoa diski. Kinachobaki ni kuisimba diski nzima kwa LUKS, na njia iliyo rahisi zaidi kwangu ni kusakinisha upya. Flashi iko tayari, nakala za mafaili zinaendelea kuhamia kwenye diski ya nje.

Bodi bado iko kwenye mfuko wake. Mdogo wangu amepanda leo asubuhi akagonga tangi, anasema maji yako chini kidogo ya mkunjo wa tatu.